Barafu kavu ya kusafishia mitambo: punje huharibikia wapi

Mafundi wa viwanda vya chai Tukuyu na Mufindi wanaotaka kutoa masalia ya chai kwenye roli za mashine bila kulowesha mota, barafu kavu inawafaa: ni punje za kaboni dayoksaidi iliyoganda, zinazorushwa kwa hewa ya kompresa. Malighafi yenyewe iko jirani: Kyejo, Rungwe, kaboni dayoksaidi inatoka ardhini.

Tangi la kaboni dayoksaidi ya kimiminika likae kwenye shinikizo la baa 20 hivi, nyuzi joto -20. Kimiminika kikiachiwa ndani ya mashine ya kutengeneza punje, chini ya nusu yake hugeuka theluji na kilichobaki hutoka kama gesi. Kilo 1 ya punje hula kilo 2 hadi 2.5 za kimiminika. Anayekuahidi kilo kwa kilo, na hana mtambo wa kuirudisha gesi kuwa kimiminika, anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Pistoni huishindilia theluji kupitia sahani yenye matundu ya milimita 3. Punje za milimita 16 waachie wanaopozea mizigo. Vaa glovu, vunja punje moja: nzuri hukatika, mbovu husagika kama chaki. Zinazotoka mashine ikiwa bado haijapoa huwa laini, zitupe. Zikiendelea hivyo, angalia matundu yaliyolika, au mpira mrefu wa kutoka tangini usiofunikwa, ambao huchemsha kimiminika njiani.

Shinikizo likishuka chini ya baa 5.2, kimiminika huganda humohumo mpirani. Usiugonge, usiufungue. Funga valvu ya tangi, gesi itoke taratibu kupitia valvu ya usalama. Kipande cha bomba kilicho kati ya valvu mbili bila valvu ya usalama ni bomu.

Adui mkubwa huku ni unyevu. Mvua za Tukuyu mnazijua: sanduku likiachwa wazi, maji huganda juu ya punje, zinashikana mabonge na kuziba hopa, yaani chombo cha kulishia punje. Funika, na tumia siku hiyohiyo. Hewa ya kompresa nayo ipite kwenye kikausha, la sivyo nozeli, yaani mdomo wa kurushia punje, itaota barafu ya maji.

Kompresa ichaguliwe kwa mwinuko. Mbeya mjini, mita 1,700 hivi, shinikizo la hewa ni dogo kwa karibu asilimia 18 kuliko Dar es Salaam. Iliyoandikwa mita za ujazo 5 kwa dakika itakupa kazi ya 4, na fundi ataanza kulaumu punje.

Kilo 1 ya barafu hutoa zaidi ya lita 500 za gesi inayotuama chini na kukosesha pumzi, hasa kwenye mashimo ya mitambo. Fungua milango, weka kipima gesi usawa wa magoti, na funga waya wa ardhi kwenye nozeli na kwenye chuma kinachosafishwa, maana punje zikipita kwa kasi huzalisha umeme tuli na vumbi la chai linashika moto.