Ukifika Idjwi, lala huko

Wengi wetu wa Bukavu na Goma tunaijua Idjwi, kisiwa cha Kongo katika Ziwa Kivu, kwa kuipita tu. Boti inaambaa kando yake, tunatazama migomba na vilima, safari inaendelea. Ninachowaomba ni hiki: shukeni, na mlale walau usiku mmoja. Anayerudi siku ileile anaona bandari na soko, basi.

Uzuri wake unaanza jioni, wavuvi wa sambaza, samaki wadogo, wanapotoka. Mitumbwi mitatu huunganishwa kwa miti mirefu, wavu katikati, taa za kuvutia samaki zimewashwa, na wapiga makasia wanaimba kwa kupokezana. Samaki hao si wa asili ya Kivu. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika miaka ya 1950, na leo ndio wanaolisha familia nyingi huku. Alfajiri teremka ufukoni ununue sambaza wangali wanameta, umwombe mama mwenyeji awakaange wakauke, mle na bugali na pilipili.

Mchana tembea. Barabara ni za udongo na mvua huzifanya telezi, kwa hiyo vaa buti, au kodi pikipiki. Utapita kwenye mananasi na kahawa. Waulize wazee habari za kahawa hiyo: kwa miaka mingi wakulima waliivusha usiku kwa mitumbwi hadi Rwanda kutafuta bei, na wengi walizama, wakaacha wajane. Mimi tangu nisikie habari hizo sibishani tena bei ya kahawa ya Idjwi.

Kuhusu boti, sitanii kabisa. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova, imejaa kupita kiasi, ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, tukapoteza watu wengi. Ukikuta imejaa, subiri nyingine. Jaketi la kuokolea livae, usilikalie. Na kabla ya kulipa nauli, wapigie walioko kisiwani uulize hali ya njia na usalama.

Ukifika, jitambulishe kwa chifu wa kijiji. Wenyeji ni Wahavu, pamoja na Wambuti walioondolewa msituni miti ilipokatwa kupisha mashamba. Usiwaendee Wambuti na kamera mbele. Wasalimie, keti, uwaulize kazi zao. Akina mama wao hufinyanga vyungu vizuri sana. Ukipenda kimoja, lipa bei aliyoitaja.