Daktari wa akili husomea wapi, na nani humkagua?

*Kijana wangu anamaliza udaktari, anataka kutibu maradhi ya akili. Ana safari ndefu? (Mama, Kisauni)*

Ndefu, mama, na hongera kwake. Shahada ya kwanza ni miaka 6, kisha mwaka wa mazoezi hospitalini, kisha uzamili usiopungua miaka 3, kwa mfano Chuo Kikuu cha Nairobi. Wengi wanaojilipia karo hufanya kazi wodini bila mshahara, jambo ambalo naliona dhuluma. Waliofadhiliwa ni wachache, basi aulizie kaunti mapema.

Kinachonikera zaidi ni mahali anapofundwa. Akikaa Mathari, hospitali kuu ya akili kule Nairobi, muda wote, atajua ugonjwa lakini hatawajua wagonjwa wetu: aliyepungwa miezi kwa mganga kabla ya kuletwa hospitali, au kijana wa unga anayekunywa methadoni, dawa ya kumsaidia kuacha heroini, huku akisikia sauti. Ningetaka kila mwanafunzi wa uzamili akae hospitali ya Port Reitz hapa Mombasa miezi kadhaa, chini ya bingwa anayemsimamia kweli, na mtihani wake uwe na mazungumzo na familia kwa Kiswahili. Anayeshindwa kumweleza mama dawa ya mwanawe asipite.

*Nitajuaje anayenitibu ni bingwa? (Msomaji, Likoni)*

Tafuta jina lake kwenye orodha ya Baraza la Madaktari, iko mtandaoni. Leseni huhuishwa kila mwaka, na daktari lazima aonyeshe alama za kuendelea kujisomesha. Alama hizo hupatikana hata kwa kuhudhuria semina tu. Mimi ningeongeza jambo moja: mafaili machache ya wagonjwa yakaguliwe na daktari mwenzake.

Mwanasaikolojia si daktari, ana bodi yake.

*Ndugu yangu alidungwa sindano wodini, hatukuambiwa ni ya nini. Ni sawa? (Dada, Changamwe)*

Pole sana, dada. Huenda ilikuwa dharura, lakini hata hivyo maelezo hufuata. Sheria ya Afya ya Akili, iliyorekebishwa 2022, inampa mgonjwa haki ya kuelezwa matibabu yake na kuyaridhia. Mwombe daktari akueleze jina la dawa, sababu na madhara yake. Akikataa, andika malalamiko kwa uongozi wa hospitali, na nakala kwa Baraza. Weka tarehe na saa.

*Si afadhali tuajiri wauguzi tu? (Mzee, Majengo)*

Waajiriwe, mzee wangu, ndio wanaobeba mzigo mkubwa. Ila dozi ikimkataa mgonjwa, muuguzi awe na bingwa wa kumpigia simu, naye apokee.