Kwa mwanafunzi anayekuja Kusini kuandika sera ya tabianchi: pendekezo lako liwe na mwenyewe

Nikiletewa andiko la mwanafunzi kuhusu mabadiliko ya tabianchi, utangulizi nauruka. Nimeshausoma mara nyingi mno: dunia imeongezeka joto kwa zaidi ya nyuzi 1.1 tangu kabla ya enzi za viwanda, Mkataba wa Paris ulipitishwa mwaka 2015, Tanzania ikauridhia 2018, nasi tumeahidi kupunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, ikilinganishwa na hali ya kutochukua hatua. Ni kweli yote. Mimi nafungua ukurasa wa mapendekezo, na hapo nawakuta wale wawili wasiokosekana: "Serikali itoe elimu kwa wananchi" na "wadau washirikiane".

Wadogo zangu, nafanya kazi za mipango katika halmashauri moja huku Kusini mwa Tanzania, na wanafunzi wa fildi hawakatiki ofisini. Wengi wana bidii, wana takwimu, wana ramani nzuri za rangi. Wanachokosa ni kujua andiko lao linamwomba nani afanye nini, kwa mamlaka ipi, kwa fedha za fungu gani, na mwezi gani. Pendekezo lisilojibu hayo halina mwenyewe, na karatasi isiyo na mwenyewe huishia kabatini.

Kwa hiyo anza na mamlaka kabla hujaandika hata dodoso. Tuseme umeona mikoko inakatwa ovyo Kilwa, unataka kupendekeza halmashauri itunge sheria ndogo. Simama kwanza. Mikoko ni hifadhi ya Serikali Kuu iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Halmashauri inaweza kushirikiana nao, inaweza kuwapa vijana wa kijiji kazi ya kuotesha miche, ila haiwezi kujiamulia. Au umeona nyumba zinajengwa hadi kwenye mchanga wa ufukwe, ukaandika "itungwe sheria". Sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu zinazoharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ufukweni au kingo za mto. Swali lako la utafiti sasa linabadilika na kuwa tamu zaidi: kwa nini sheria ya tangu 2004 haifuatwi hapa? Nani alitoa kibali cha ujenzi? Afisa mazingira wa wilaya ana usafiri wa kufika huko? Hapo unaanza kuandika sera.

Vivyo hivyo kwenye maafa. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia taifa hadi kijiji. Usipendekeze "iundwe kamati". Nenda kijijini uulize kamati hiyo ina nani, imekaa lini mara ya mwisho, muhtasari uko wapi.

Sasa fedha, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo maandiko mengi yanapofia. Mwaka wa fedha unaanza Julai Mosi, lakini ukija ofisini Juni na pendekezo lako umeshachelewa mwaka mzima. Vipaumbele vya vijiji na kata hukusanywa mwishoni mwa mwaka wa kalenda, halmashauri hupitisha rasimu ya bajeti yake mwanzoni mwa mwaka unaofuata, na kuanzia Aprili mambo yako Dodoma, bungeni. Ukitaka andiko lako lisomwe na mtu mwenye uwezo wa kuandika namba kwenye mpango, liwe mezani kabla ya Desemba kwisha.

Halafu jiulize fedha zenyewe zinatoka wapi. Halmashauri nyingi za Mtwara na Lindi zinaegemea ushuru wa mazao, asilimia 3 kwa mazao ya biashara, na zao lenyewe kubwa ni korosho, likifuatiwa na ufuta na mbaazi. Msimu wa korosho ukiharibika, mapato ya ndani yanaanguka mwaka huohuo ambao wananchi wanahitaji msaada zaidi. Sijawahi kuona mwanafunzi akilitaja hilo, wakati kwangu ndilo jambo zito kuliko yote: tishio la tabianchi linapiga shamba na linapiga sanduku la halmashauri kwa pigo moja. Mapendekezo yako yakitegemea mapato ya ndani peke yake, yameandikwa kwa ajili ya mwaka mzuri tu. Tafuta chanzo kisichofuata mvua. Zipo halmashauri zinazopata ushuru wa huduma kutoka kwa kampuni za gesi na saruji. Soma bajeti zao uone fedha hizo zinakwenda wapi.

Twende shambani. Kosa linalomfichua mtu aliyeandikia Kusini akiwa Dar es Salaam ni kutaja "mvua za vuli na masika" za Newala. Sisi tuna msimu mmoja, takribani Novemba hadi Aprili, na Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, hutoa utabiri wa eneo hili kwa mtindo huo. Ukiomba takwimu za mvua, omba miaka 30 na zaidi, maana miaka mitano haikuonyeshi tabianchi, inakuonyesha hali ya hewa tu. Usiishie kwenye jumla ya milimita za mwaka. Jumla inaweza kubaki ileile huku mvua ya kwanza ikichelewa wiki kadhaa na siku kavu katikati ya msimu zikiongezeka. Mkulima wa mahindi anaumizwa na hizo siku kavu.

Korosho ina kalenda yake, na uijue kabla hujaikanyaga Tandahimba. Mikorosho huchanua kiangazi, kuanzia Juni hivi. Wakati huo inatakiwa ukavu. Ukija unyevu na ukungu wa asubuhi, ubwiriunga, ugonjwa wa unga mweupe, unashika maua, mkulima anapuliza salfa. Ikinyesha mvua isiyo ya msimu wake, salfa inaoshwa na maua yanapukutika. Mavuno yakifika, Oktoba na kuendelea, mvua ikiwahi korosho zinalowa chini ya miti, na zikipelekwa ghalani mbichi zinashuka daraja. Kituo cha utafiti cha Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, kimefanyia kazi zao hili kwa miongo kadhaa. Nenda na barua yako, usome walichokwisha kuandika. Ni aibu kutumia miezi mitatu kugundua jambo ambalo watafiti wa Naliendele wameshalimaliza.

Ila usiseme kila kitu ni joto. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000 za korosho. Msimu uliofuata zikashuka hadi karibu 225,000. Mwanafunzi mwenye haraka atachora mstari unaoshuka na kuandika "athari za mabadiliko ya tabianchi". Mwaka huohuo wa 2018 soko lilivurugika hadi Serikali ikanunua korosho yenyewe na jeshi likazisomba. Baadaye uzalishaji ukapanda tena, msimu wa 2024/25 ukavuka tani 500,000. Je, tabianchi ilirudi nyuma? Bila shaka hapana. Kuna pembejeo zilizofika mapema au kuchelewa, mikorosho iliyozeeka, miche mipya iliyoanza kuzaa, bei iliyompa mtu moyo wa kupalilia. Tenganisha. Diwani wa kata ya korosho anayajua haya kuliko wewe, na ukimwambia habari ya mstari mmoja atakusikiliza kwa adabu kisha atasahau.

Kuhusu mahojiano. Barua ya chuo ipitie kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ishuke wilayani, kwa mkurugenzi, kwa mtendaji wa kata, hadi kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wake. Inachosha, lakini usiruke ngazi. Epuka miezi ya mavuno na minada. Mtu anayesubiri malipo ya AMCOS, chama cha ushirika wa mazao, hana muda na dodoso lako la kurasa kumi na mbili. Likizo za shule ni msimu wa jando na unyago. Ukiingia kijijini wakati wa ngoma, kaa, salimia, kula wali, mahojiano yasubiri. Pwani angalia mwezi. Siku za bamvua maji yakitoka, akina mama wako mwambani wanatafuta pweza au shambani kwenye mwani, na hakuna atakayekaa barazani kukungoja. Kama unaweza, vua viatu uende nao. Wakulima wa mwani watakuonyesha wenyewe mashada yaliyolainika na kukatika maji yanapopata joto, na kwamba mwani aina ya kottonii hauvumilii kama wa spinosamu.

Na usimuulize mzee, "Je, umeona mabadiliko ya tabianchi?" Atajibu ndiyo, kwa sababu wewe ni mgeni na yeye ana adabu. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, muulize mwaka huu alipanda lini, na alipokuwa kijana walipanda lini. Miaka kwa namba haitakusaidia, tumia matukio. Wakati wa Operesheni Vijiji mto huu ulikauka mwezi gani? Vita vya Kagera je? Mvua za El Niño za 1997 na 1998 maji yalifika wapi? Lindi utapata hata simulizi za kimbunga cha Aprili 1952, zilizopokelewa kwa wazazi. Hayo ukiyalinganisha na takwimu za kituo cha hewa, una kitu ambacho hata sisi ofisini hatuna.

Kimbunga kinanipeleka kwenye mada ambayo ningefurahi mtu aichukue. Aprili 2019 watu wa Mtwara walitangaziwa Kenneth. Shughuli zikasimama, wa mabondeni wakaambiwa wahame, kisha kimbunga kikaingia nchi kavu kusini ya mto Ruvuma, kikaumiza ndugu zetu wa Cabo Delgado huko Msumbiji. Huku kwetu wapo waliobaki wakisema tulitishwa bure. Mei 2024 akaja Hidaya. Upepo ulipungua nguvu ulipokaribia Mafia, lakini mvua yake ilikata barabara ya Lindi na Dar es Salaam upande wa Kilwa, magari na abiria wakakwama. Na katikati ya hayo mawili, Januari 2020, mafuriko yaliua watu na kuhamisha vijiji Kilwa bila kimbunga chochote. Basi utafiti uwe huu: tahadhari ya TMA ilimfikia nani, kwa redio, simu au kipaza sauti cha msikiti? Alifanya nini? Alikwenda wapi, na hapo palikuwa na choo na maji? Mara ya pili aliamini kama mara ya kwanza? Mapendekezo yatakayotoka hapo yatakuwa na gharama ndogo na mwenyewe anayejulikana, yaani kamati ya maafa ya wilaya.

Gesi mtaikuta tu. Songo Songo imekuwa ikizalisha tangu 2004, Mnazi Bay ina bomba lake hadi Dar es Salaam, na mradi wa kusindika gesi wa Likong'o unasubiriwa Lindi kwa miaka. Naona wanafunzi wanaizunguka mada hii kama moto, ama wanaandika "tuache nishati ya visukuku" kama vile wanaandikia Ulaya. Sehemu ya Tanzania katika gesijoto za dunia haifiki hata asilimia moja, na mkaa unamaliza misitu yetu hivi sasa. Maoni yangu ni kwamba gesi ijadiliwe waziwazi: nani ananufaika, itatumika miaka mingapi, na mkoa utaishi kwa nini ikiisha. Someni pia vurugu za Mtwara za 2013 kuhusu bomba la gesi. Hasira ile ilihusu nani anafaidi, na sera yoyote ya nishati itakayopuuza swali hilo itakutana nalo tena.

Biashara ya kaboni, yaani kulipwa kwa kutunza msitu unaofyonza hewa ya ukaa, nitaigusa kwa ufupi, kwa kuwa kila kundi sasa linaipenda. Kanuni zipo tangu 2022 na kituo cha taifa cha kaboni kiko Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, Morogoro. Kabla ya kuwaambia watu wa Liwale kwamba msitu wao ni fedha, soma mkataba halisi: nani anasaini, mgawo ni upi, unadumu miaka mingapi, na mkutano mkuu wa kijiji uliridhia kweli au watu walisainishwa tu karatasi ya mahudhurio.

Ukimaliza, andika ukurasa mmoja kwa Kiswahili. Tasnifu ibaki kwa msimamizi wako. Ukurasa huo uwe na tatizo kwa sentensi tatu, pendekezo moja au mawili, gharama kwa shilingi, na jina la ofisi. Ukitaka matangi ya kuvunia maji ya mvua kwenye shule na zahanati za uwanda wa Makonde, ambako maji yanapandishwa kutoka mabondeni kwa pampu na umeme ukikatika ndoo zinakauka, hesabu mapaa ya bati, hesabu mifereji, pata bei dukani Newala na si mtandaoni. Mpitie afisa mipango na afisa mazingira kwanza, wakurekebishe faraghani. Kisha liende kwenye Kamati ya Uchumi, Ujenzi na Mazingira kabla ya Baraza la Madiwani. Ukipewa dakika tano, tumia tatu. Usisome slaidi.

Waheshimiwa watauliza mambo mawili, jiandae nayo. La kwanza: kwa nini kata hiyo na si yangu? Uwe na vigezo vilivyoandikwa, si "kwa sababu ndiko nilikofanyia fildi". La pili: tangi likipasuka mwaka wa pili, fundi analipwa na nani? Nenda na jibu lililokubaliwa na kamati ya shule yenyewe, lenye saini ya mwalimu mkuu na mwenyekiti wa kijiji, na nakala yake uwaachie wao kabla hujapanda basi.