Ukurasa wa Maswali: Weusi Si Mmoja

Barua nyingi za mwezi huu zimegusa jambo moja: mwanga na giza katika picha zinazochanganya rangi, karatasi, nguo na taa. Tumejibu tano.

Shikamooni. Nachora bahari usiku, mashua za wavuvi wa dagaa na karabai zao. Natumia nyeusi ya kopo, lakini anga linatoka kama sufuria yenye masizi, na taa hazing'ai hata nikizidisha nyeupe. Nakosea wapi?
*Msomaji, Tanga*

Marahaba. Tatizo haliko kwenye taa, liko kwenye giza. Jicho likikuta weusi uleule kuanzia pembe hii hadi ile, linauona kama ukuta, na nyeupe iliyowekwa juu yake inabaki kuwa doa la rangi. Acha kuongeza nyeupe. Lijenge giza upya.

Mchoraji Mmarekani Kerry James Marshall, anayejulikana kwa watu wake weusi tititi, hutumia nyeusi za aina tatu: ya mifupa iliyochomwa, ya masizi na ya oksidi ya chuma. Chukua tone la kila moja ulichanganye na nyeupe kidogo, utaona tofauti mara moja. Ya masizi hutoa kijivu chenye ubuluu, ya chuma huelekea kahawia. Ukiziweka jirani kwenye picha, moja inasogea nyuma na nyingine inakuja mbele, ingawa zote ni nyeusi.

Kwa anga la mbali usitumie nyeusi ya kopo kabisa. Changanya buluu ya ultramarini na kahawia iliyoungua, kiasi sawa cha kila moja. Ikielemea buluu, usiku unarudi mbali. Ikielemea kahawia, unasogea karibu. Kwa maji yaliyo chini ya mashua tengeneza nyeusi isiyong'aa: saga makaa ya kupikia, yachekeche kwa kitambaa chepesi, kisha changanya kijiko kimoja cha unga na kijiko kimoja cha gundi nyeupe ya seremala na nusu kijiko cha maji. Funga pua na mdomo unaposaga. Ikikauka, ipitishe kidole. Kidole kikitoka cheusi, gundi ni kidogo. Uso ukimetameta, gundi imezidi. Mwisho kabisa, kwenye migongo ya mawimbi tu, pitisha rangi ya mafuta nyeusi inayong'aa, nyembamba, uiache saa 24.

Hapo ndipo bahari inapoanza kucheza. Weusi wa makaa hutawanya mwanga, wa mafuta huurudisha kama kioo. Mtazamaji akipiga hatua moja kando, mawimbi meusi yanageuka meupe bila tone la nyeupe. Mfaransa Pierre Soulages alijenga juu ya jambo hilo tangu 1979: turubai nyeusi tupu, rangi imekwaruzwa na kusawazishwa kwa zana, mwanga ukifanya kazi iliyobaki. Kazi zake nyingi ziko katika makumbusho yenye jina lake mjini Rodez.

Sasa rudi kwenye karabai. Nyeupe yake itiwe manjano kidogo, iwe nzito, na kiini chake kiwe kidogo kuliko unavyotamani. Kukizunguka weka pete ya rangi ya chungwa iliyokoza, halafu kahawia, halafu giza. Kingo kali ziwe karibu na taa tu. Kadiri unavyokwenda mbali, zilainishe kwa brashi kavu. Jumla ya sehemu zinazong'aa isizidi moja ya kumi ya picha. Tunajua inauma kuacha eneo kubwa hivyo gizani, lakini wavuvi huwasha karabai usiku wa giza, si wa mbalamwezi, kwa sababu hiyohiyo.

Nabandika karatasi na picha za magazeti kwenye hadibodi kisha napaka rangi juu. Karatasi zinafura, ubao unapinda, na baada ya miezi rangi inabanduka. Kila hatua ina kasoro!
*Msomaji, Nakuru*

Karatasi hufura kwa sababu hutanuka inapolowa, na wewe unaibandika kabla haijamaliza kutanuka. Paka gundi nyuma ya karatasi, subiri dakika mbili, paka na ubao, kisha weka na usukume hewa kutoka katikati kwenda pembeni kwa kadi ngumu. Ubao hupinda kwa kuwa umepakwa upande mmoja. Upake rangi ya msingi pande zote mbili siku hiyohiyo, na upande wa mbele uupitishe msasa mwepesi kabla ya kubandika.

Kubanduka karibu kila mara kunatokana na mpangilio wa tabaka. Rangi ya mafuta hukubali kukaa juu ya akriliki iliyokauka. Akriliki juu ya mafuta haishiki, kwa kuwa uso wa mafuta haunywi maji. Ukiwa umepaka mafuta, hakuna kurudi kwenye rangi ya maji.

Gazeti lenyewe litageuka manjano, sehemu zako za mwanga zikifa kwanza. Piga fotokopi ya ukurasa unaoutaka kwenye karatasi nzuri ubandike hiyo. Iwe ya mashine ya poda, maana wino wa printa ya kawaida huchuruzika ukigusana na gundi.

Ninalo lubugo zuri, kitambaa cha gome la mti, na nataka kuliwashia taa kwa nyuma. Nilijaribu taa za ukanda (LED), zikaonekana nukta nukta kama shanga. Pia naogopa moto.
*Msomaji, Kampala*

Lubugo ni kitambaa kinachostahili wazo hilo. Gome la ndani la mti wa mtuba hupondwa kwa nyundo za mbao hadi litanuke, kwa hiyo unene wake haulingani. Ukiliinua mbele ya dirisha utaona pembamba pakiwaka kama kaa, nyuzi zikipita humo kama mishipa ya mkono, na panene pakibaki kahawia iliyozima. Michael Armitage, mchoraji mzaliwa wa Nairobi, huchora juu ya lubugo na kuyaacha matundu na mishono yake yaonekane. Nawe usiyazibe. Lenye tundu, likiwa mbele ya taa, tayari lina nyota.

Nukta zinatokana na taa kukaa karibu mno na kitambaa. Kwa sanduku la sentimita 60 kwa 40, panga mistari minane ya ukanda wenye urefu wa sentimita 60, ikiachana sentimita tano. Kati ya taa na kitambaa pawe na sentimita sita au saba, yaani zaidi ya nafasi iliyopo baina ya mistari. Katikati weka kizuizi cha kulainisha mwanga: karatasi ya kunakilia ramani, tabaka mbili, au plastiki nyeupe ya maziwa ya milimita tatu. Ndani ya sanduku paka nyeupe isiyong'aa.

Ukanda wa volti 12 wenye taa ndogo za aina ya 3528, 60 kwa mita, hula takriban wati 4.8 kwa mita. Mita zako 4.8 zinafika wati 23, hivyo adapta ya volti 12, ampea tatu, inatosha na kubakiza akiba. Adapta ndogo itapata moto na taa zitapepesa. Kata ukanda kwenye alama tu, kila baada ya taa tatu. Ukikata pengine, kipande hicho hakiwaki. Chanya iende kwa chanya. Bandika ukanda juu ya bati jembamba la alumini lichukue joto, toboa matundu ya sentimita moja juu na chini ya sanduku, na adapta ikae nje. Ukanda huo usiuunganishe kamwe moja kwa moja na umeme wa ukutani.

Ukitaka vivuli vya watu au miti, vikate kwenye karatasi nyeusi. Kilichogusa lubugo hutoa ukingo mkali. Kilichorudi nyuma sentimita tatu huwa ukungu. Weka baadhi hivi na baadhi vile, utapata umbali ambao brashi isingekupa.

Nitatembelea Rijksmuseum, makumbusho ya Amsterdam. Nimesoma kwamba picha ya mchoraji Rembrandt ya askari wa usiku ni ya kutazamwa kwa makini. Nitazame nini?
*Msomaji, Utrecht*

Kwanza, si ya usiku. Ilichorwa 1642 na jua limo ndani. Ni vanishi iliyokolea kwa miaka ndiyo iliyoipa jina hilo baadaye. Tafuta mkono wa kapteni ulionyooshwa mbele, kisha uone kivuli chake juu ya koti la manjano la luteni aliye kando yake. Kivuli hicho kimoja kinakuambia mwanga unatoka juu kushoto. Ukishakijua, zungusha macho kwenye nyuso nyingine uone ni nani amenyimwa mwanga. Tiketi ina saa yake, ikate mapema uchague ya kwanza asubuhi, kabla umati haujafika.

Sina nauli ya Ulaya. Hapa pwani nikajifunze wapi mwanga na giza? Na kwa nini vyumba vya makumbusho huwa na giza hivyo?
*Msomaji, Malindi*

Nenda Lamu, kwenye nyumba ya Kiswahili iliyogeuzwa makumbusho. Nyumba za mawe za aina hiyo hupokea mwanga kutoka kiwandani, yaani ua wa ndani usio na paa, kisha huupunguza hatua kwa hatua: msana wa tini, msana wa yuu (vyumba virefu vinavyofuatana), hadi ndani. Vyumba ni vyembamba kwa kuwa boriti za mikoko hazivuki zaidi ya mita tatu hivi, kwa hiyo mwanga hufika ukuta wa mwisho ukiwa umechoka. Huko ndiko kwenye zidaka, vishubaka vilivyojengwa ukutani. Tazama kidaka kimoja tu. Ukingo wa juu una kivuli, wa chini umepokea mwanga, na katikati mna kijivu ambacho ni chokaa nyeupe ileile. Ni rangi moja, toni tatu.

Kaa dakika kumi kabla ya kuchora, macho yazoee. Chukua penseli na daftari dogo, kwani makaa na rangi za maji kwa kawaida haviruhusiwi makumbushoni, muulize mlinzi. Gawa ukurasa kwa toni tatu tu: karatasi tupu, kijivu, nyeusi. Finya macho vitu vidogo vipotee. Nyumbani, paka makaa karatasi nzima, kisha utoe mwanga kwa kufuta, ukianza na ukingo wa chini wa kidaka. Kama huna ufutio laini, tumia nyama ya mkate usio na siagi, iliyofinyangwa.

Ama giza la makumbusho, ni kwa ajili ya vitu vyenyewe. Karatasi, nguo na rangi za maji hufifia kwa mwanga, na madhara hayarudi nyuma, hivyo huwekewa lux 50 hivi (lux ni kipimo cha mwanga). Picha za rangi za mafuta huvumilia hadi 200. Ukiingia kutoka kwenye jua kali la Malindi utadhani taa zimekatika. Pitia chumba hicho mwishoni, baada ya vingine, na flashi ya simu uizime ukiwa bado mlangoni.