Kabla Hujaagiza Katoni za Soda ya Nje

Kijana mmoja wa Wete kaniandikia wiki hii: anataka kuleta soda za kopo kutoka Dubai auze Sikukuu. Namjibu hapa hadharani, maana najua wengi wenu mna ndoto hiyo hiyo, na biashara hii ndiyo iliyonijengea nyumba.

Nilianza na meza soko la Darajani, Unguja. Majirani walinicheka: nani ataacha soda ya chupa, baridi, ya bei nafuu, anunue hiyo hiyo kwa bei kubwa kisa ina maandishi ya Kiarabu? Leo wanachukua mzigo kwangu.

Wateja wangu wa mwanzo walikuwa akina mama waliowahi kukaa Maskati. Mmoja alilishika kopo, akaligeuza, akalifungua pale pale, akanusa kabla ya kunywa. "Hii ndiyo yenyewe, mwanangu." Bei hakuuliza.

Na hakujidanganya. Jina moja, vinywaji tofauti. Fanta ya machungwa ya Italia ina juisi ya machungwa, ya Marekani haina. Wamarekani nao huitafuta Coca-Cola ya Mexico ya chupa ya kioo kwa ajili ya sukari ya miwa, kwani yao tangu miaka ya 1980 inatiwa sharubati ya mahindi. Vimto ilizaliwa Manchester mwaka 1908, lakini Ghuba ndiko ilikogeuka kinywaji cha futari.

Kwa hiyo usimwambie mteja kuwa ya nje ni bora. Mwambie ladha ni nyingine. Wallahi, ukweli unauza! Mtafute aliyekwisha kuionja huko, huyo harudi nyuma.

Halafu tarehe. Kuna muuzaji Dubai, simtaji, tulifuturu sahani moja, akanipakilia katoni zilizobakiwa na wiki chache tu. Mzigo ulipofika bandari ya Malindi, hapa Unguja, muda umekwisha. Mpaka leo naumia. Vijana, daini picha ya kitako cha kopo, tarehe isomeke, ndipo mlipe. Undugu usiingie kwenye tarehe.

Wewe wa Wete, anza na makopo, si chupa za plastiki, gesi yake hutoka mapema. Soda za dayati, zile zisizotiwa sukari, ziache, utamu wake hauhimili joto la kontena. Na kabla hujatuma hata senti, pita Taasisi ya Viwango Zanzibar uulize masharti ya lebo, hasa kama maandishi ni Kiarabu kitupu.