Binti anaumwa kichwa chini ya taa ya LED: jibu langu kutoka Lamu

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini binti yako huumwa kichwa anapodurusu chini ya taa mpya ya LED, ilhali wewe ukiitazama huioni ikipepesa. Umeme wetu hujirudia mara 50 kwa sekunde, na taa isiyo na kapasita (kifaa kidogo cha kuhifadhi chaji) ya kutosha kulainisha mkondo hung'aa na kufifia mara mbili kwa kila mzunguko, yaani mara 100, kasi ambayo hatuitambui ingawa mishipa ya fahamu ya jicho bado huipokea.

Mimi niliyajua haya katika karakana ya kuchonga milango. Usiku mmoja tulikuwa tukikereza mguu wa kitanda, na kipande cha mti cha pembe nne, ambacho keezo, mashine ya kukerezea, ilikizungusha takribani mara 24 kwa sekunde, kilionekana kikigeuka taratibu kinyumenyume. Pembe zake zilipita mara 96 kwa sekunde, pungufu ya mimweko 100 ya taa, kwa hiyo taa kila ilipong'aa iliikuta pembe imebaki nyuma kidogo. Kijana wetu alikwisha kunyosha mkono akidhani mashine inasimama, nilimdaka kiwiko.

Kamera ya simu, ikionyesha mistari myeusi inayotambaa, huthibitisha kuwa mpepeso upo, lakini haikwambii ni kiasi gani. Fundi wa redio alinipimia kwa fotodayodi, kihisi cha mwanga, na osiloskopu, chombo kinachochora volti kwenye skrini: kilele, taa iking'aa zaidi, kilikuwa volti 2.4, na bonde, ikififia, 0.6. Toa kipimo kidogo kwenye kikubwa, kisha gawanya kwa jumla ya vyote viwili, upate asilimia 60. Mwongozo wa IEEE, chama cha wahandisi wa umeme, wa mwaka 2015 unataka, kwa kasi hiyo ya mara 100, isizidi asilimia 8 ili hatari iwe ndogo. Taa tuliyoweka badala yake ilitoa 3.

Kuhusu afya, utafiti wa mwanasaikolojia Arnold Wilkins na wenzake uliochapishwa Uingereza mwaka 1989 ulikuta kwamba maumivu ya kichwa na uchovu wa macho ofisini yalipungua kwa zaidi ya nusu pale taa za mirija zilipowashwa kwa umeme unaojirudia kwa kasi kubwa mno. Kifafa ni jambo jingine: huchochewa zaidi na mimweko inayoonekana, kati ya 3 na 70 kwa sekunde.

Mwekee binti taa inayotumia betri ya sola moja kwa moja, ambayo mkondo wake haupandi na kushuka, isiyo na kipunguza mwanga, kwa wiki mbili, na muandike kila siku anayoumwa. Maumivu yasipopungua, mpeleke kwa daktari wa macho.