Kuikagua Nyumba ya Enzi ya Walowezi huko Utah: Ushauri kwa Wanaoanza Kazi

Anayeanza kazi ya kukagua majengo ya kihistoria katika jimbo la Utah, Marekani, ataulizwa na karibu kila mwenye nyumba: "Nyumba yangu ilijengwa mwaka gani?" Swali ni la haki, lakini mara nyingi jibu lake si mwaka mmoja. Nyumba za walowezi Wamormoni, waumini wa dhehebu lililohamia Utah, yaani wale waliofika kati ya Julai 1847 na tarehe 10 Mei 1869 reli ya kuvuka bara ilipounganishwa Promontory Summit, Utah, ni chache sana zilizobaki kama zilivyojengwa. Vyumba viwili vya mwanzo viliongezewa jiko kwa nyuma, kisha baraza, pengine na ghorofa, na mwishowe kuta zikapigwa lipu ya saruji. Kwa hiyo kitafutie kila kipande umri wake, halafu uulize ni kiasi gani cha enzi ile ambacho bado kipo na kinaonekana.

Wengi hukimbilia makaratasi kwanza, nami nawashauri waanze na jengo lenyewe. Mwaka ulioandikwa katika kumbukumbu za kodi za wilaya mara nyingi ni makisio ya karani aliyepita muda mrefu baadaye. Hati ya ardhi nayo ina mtego wake: ofisi ya serikali kuu ya kugawa ardhi ilifunguliwa Salt Lake City mwaka 1869, kwa hiyo familia iliyoishi mahali pake tangu miaka ya 1850 inaweza kuwa na hati iliyo changa kuliko nyumba. Ukiisoma hati hiyo bila kuijua historia hii, utaipunguzia nyumba miaka mingi bila sababu.

Panda darini na ushuke chini ya sakafu kabla ya kukaa sebuleni, kwa maana huko mafundi wa baadaye hawakuona haja ya kurembesha. Ubao wenye alama za msumeno zilizonyooka ulipasuliwa kwa msumeno wa kupanda na kushuka, aina iliyotangulia. Wenye alama za upinde ulipita kwenye msumeno wa mviringo. Misumari bapa iliyokatwa kutoka kwenye bamba la chuma ilitawala hadi miaka ya 1890, misumari ya waya iliposhika nafasi yake. Hata hivyo, usitoe hukumu kwa msumari mmoja, kwani walowezi walikuwa watu wa kubana matumizi, na mbao na misumari ya jengo lililobomolewa vilitumika tena katika jengo jipya. Ushahidi unaoaminika ni ule unaoungwa mkono na mwingine usioutegemea.

Ukuta ndio unaodai muda zaidi. Pima kina chake kwenye dirisha na mlango: kikiwa kikubwa kuliko inavyotarajiwa kwa nyumba ya mbao, shuku magogo yaliyofichwa nyuma ya mbao za nje, au matofali mabichi ya udongo yaliyokaushwa kwa jua, ambayo walowezi wa Utah waliyatumia sana kwa kuwa miti ya kujengea ilikuwa mbali, milimani. Adui mkubwa wa tofali bichi ni unyevu. Lipu ya saruji, ambayo mwenye nyumba huiona kama kinga, hupata nyufa, maji huingia nyuma yake na hukosa njia ya kutoka, na tofali la chini hurudi kuwa tope. Wenzetu wanaotunza nyumba za mawe na chokaa katika Mji Mkongwe wa Zanzibar wanalijua tatizo hili vizuri. Gonga ukuta polepole usikilize panapolia utupu, angalia uvimbe na chumvi karibu na ardhi, kisha uandike ulichokiona. Usibandue lipu ili kuthibitisha dhana yako, kwa kuwa inaweza kutoka pamoja na uso wa tofali, na rangi za kabla ya 1978 huenda zina madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Baada ya hapo ndipo uende kwenye vigezo vya Rejista ya Taifa ya Maeneo ya Kihistoria, orodha rasmi ya Marekani ya mahali panapostahili kuhifadhiwa, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1966. Umri wa miaka 50 ni mlango tu. Nyumba inatakiwa iwe na umuhimu kwa tukio, kwa mtu, kwa ujenzi wake au kwa taarifa inayoweza kutoa, na iwe bado na uhalisia unaopimwa kwa mambo saba: mahali, usanifu, mazingira, vifaa, ufundi, hisia ya enzi yake na uhusiano wake na historia. Suala la mahali huwashangaza wageni: nyumba iliyohamishwa kwa kawaida hupoteza sifa ya kuorodheshwa, isipokuwa kwa sababu maalumu. Kibanda cha magogo cha mlowezi Osmyn Deuel cha mwaka 1847, kinachoonyeshwa leo katikati ya Salt Lake City, hakipo pale kilipojengwa.

Masimulizi ya familia yaandike yote, ila yatenganishe waziwazi na yale uliyoyapima mwenyewe. Wala usianze historia ya kiwanja na gari la kwanza la mlowezi. Wenyeji wa asili, Wayuti, Washoshone na Wapayuti, walikuwa na makazi katika mabonde hayo, na ripoti inayowaruka ni ripoti pungufu, hata kama mwenye nyumba hakuwauliza.

Mwisho, mweleze mwenye nyumba mapema kwamba kuorodheshwa katika Rejista ya Taifa hakumzuii kubadilisha au hata kubomoa mali yake kwa fedha zake mwenyewe. Vizuizi vya namna hiyo, vinapokuwepo, kwa kawaida hutoka kwenye sheria za mji. Mweleze pia kwamba nafuu ya kodi ya serikali kuu, inayofikia asilimia 20 ya gharama za ukarabati, ni kwa majengo yanayoingiza kipato, si kwa nyumba anayoishi mwenyewe. Akiyasikia haya baada ya ripoti kukamilika, atadhani ulimficha.